Hatuuzi Majani

Simama kwenye duka lolote la pembejeo pale Muheza mvua za vuli zinapoanza. Ataingia mtu ameshika jani la mchungwa, changa, limejikunja, lina michirizi ya rangi ya fedha kama konokono kapita. Ataliweka juu ya meza. Muuzaji hataliangalia mara mbili. Hatauliza mti una umri gani, una matunda au hauna, wala majani ya namna hiyo ni mangapi kwenye mti mzima. Atageukia rafu, atashusha chupa, ataeleza vifuniko vingapi kwa bomba la lita 16, na biashara imekwisha.

Wengi hawaoni tatizo hapo. Mdudu yupo, dawa ipo, mwenye shamba na fedha yake. Kuna ubaya gani? Ubaya upo, na ndio ulionifanya nishike kalamu. Kwa mchungwa mkubwa unaozaa, dawa inayopigwa kwa sababu ya michirizi ya majani ni fedha iliyomwagwa chini, na mara nyingi ndiyo inayomfuga mdudu mwenyewe. Sisemi mdudu hayupo. Sisemi jani halijaumia. Nasema hatuuzi majani.

Msimamo ninaoupinga hauko kwa wauza dawa peke yao. Umo kwenye vipeperushi, umo midomoni mwa baadhi ya maafisa ugani, na kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima ndio umeota mizizi: mtu akituma picha ya jani lenye michirizi, kabla hajamaliza kueleza ameshatajiwa dawa tatu. Hoja yao husikika ina akili. Jani ndiko mti unakopikia chakula chake. Jani likiharibika chakula kinapungua. Chakula kikipungua matunda yanapungua. Basi okoa jani. Kila kiungo cha mnyororo huo ni kweli kikiwa peke yake. Uongo uko kwenye vipimo, kwamba hakuna anayejiuliza ni majani kiasi gani, ya mti gani, na ya msimu gani.

Tumjue kwanza mshitakiwa. Kitaalamu anaitwa Phyllocnistis citrella. Kwetu huingizwa tu kwenye kundi la vidomozi, pamoja na yule wa kahawa na yule wa nyanya. Asili yake ni Asia, na Mwingereza Stainton ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza kitaalamu, mwaka 1856, kutokana na vielelezo vya India. Ni nondo mdogo kuliko watu wanavyodhani: ukimtandaza mabawa ni kama milimita 4 toka ncha hadi ncha, meupe ya kumetameta, na kila bawa la mbele lina doa jeusi mwishoni. Mchana humwoni. Huruka kuanzia magharibi hadi alfajiri akitafuta jani ambalo bado ni laini, na hapo hutaga mayai yake moja moja, mara nyingi karibu na mshipa wa katikati.

Yai likianguliwa, kiwavi hatoki nje. Hupenya kutoka ndani ya yai moja kwa moja hadi chini ya ngozi ya jani, na muda wake wote wa kula huumalizia humo, akitafuna ngozi hiyo kwa ndani na kunyonya maji yake. Chukua jani lenye mchirizi uliinue juani. Utaona katikati ya njia ile ya fedha kuna mstari mwembamba mweusimweusi unaopinda kila njia inapopinda: hicho ni kinyesi chake. Fuata mstari hadi mwisho, utakuta amefika ukingoni mwa jani, ameukunja kwa uzi wake na kujifungia ndani mpaka awe nondo. Kwenye joto la pwani mambo yote hayo yanaweza kumalizika ndani ya wiki mbili au tatu.

Sasa niambieni dawa ya kugusa, ile ya jamii ya pairethroidi iliyojaa kila duka, inamkuta wapi. Kiwavi yuko chini ya ngozi ya jani. Pupa yuko ndani ya mkunjo. Nondo mwenyewe mchana amejibanza mahali, na sisi bomba tunalibeba mchana. Tena hata ukibahatisha ukaua waliopo leo, mchungwa uliopata mvua haukusubiri: wiki ijayo utatoa majani mapya ambayo hayajawahi kuguswa na tone la dawa, na nondo wa shamba la jirani hawana mpaka.

Anayebaki wazi kupokea dawa hiyo ni nyigu. Sizungumzii nyigu wa kuuma watu. Hawa ni wadogo kiasi kwamba ukiwaona juu ya jani utadhani ni vumbi linalotembea. Kazi yao ni kuzunguka juu ya majani mchana kutwa wakitafuta michirizi, na wakiipata humtoboa kiwavi au pupa na kumtagia yai. Buu wa nyigu humla mwenyeji wake. Mwenye subira na sindano anaweza kufungua michirizi iliyokauka akakuta ngozi tupu ya kiwavi, na pembeni yake pupa mdogo mweusi ambaye si wa nondo hata kidogo. Mkulima huyo akienda dukani na jani hilo, atauziwa dawa ya kumuua mdudu ambaye alishakufa, na dawa itamuua aliyemuua.

Haya hayakuzuliwa mezani. Mwaka 1993 kidomozi huyu aligunduliwa kusini mwa Florida, na haukupita mwaka akawa amelienea jimbo karibu lote. Wakulima walitaharuki, mabomba yakatoka. Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, akiwemo Marjorie Hoy, walikwenda kutafuta adui yake huko alikotoka, na mwaka 1994 wakaanza kuachilia nyigu aitwaye Ageniaspis citricola waliyempata kupitia Australia. Nyigu huyu ana maajabu yake: yai moja analolitaga hugawanyika likatoa nyigu kadhaa. Alijikita, na huko alikojikita alifanya kazi ambayo bomba halikuweza. Uhispania nayo ilivamiwa mwaka huohuo wa 1993, ikapitia taharuki ileile, kisha ikaleta nyigu wengine kutoka Asia. Hapo Valencia watafiti walifanya jambo rahisi ambalo sisi hatutaki kulifanya: walipima. Walilinganisha miti mikubwa iliyokingwa na isiyokingwa, na mwaka 2002 wakachapisha kwamba kwenye miti iliyokomaa hawakuona mavuno yakipungua kwa sababu ya kidomozi. California, ambako mdudu alionekana mwaka 2000, mwongozo wa chuo kikuu cha jimbo hilo unawaambia wakulima bila kumung'unya: mchungwa uliopita miaka 4 kwa kawaida huvumilia michirizi bila kudhurika ukuaji wala mavuno, na haushauriwi kupigiwa dawa kwa ajili yake.

Inawezekanaje jani liumie na mavuno yasiumie? Angalia mti wenyewe. Kidomozi hawezi jani lililokomaa. Likishakuwa gumu na la kijani kilichokolea, limemshinda maisha. Jani la mchungwa huweza kuishi mwaka mmoja, miwili au zaidi. Kwa hiyo wakati wowote ule, sehemu kubwa ya mwavuli wa mti mkubwa ni majani ambayo mdudu huyu hayawezi, na yale unayoyaona yamechorwa ni ya ncha tu, ya mchipuo mmoja. Hata hayo yaliyochorwa bado yana sehemu ya kijani inayofanya kazi, ndiyo maana nasikitika nikiona mtu anayakata na kuyachoma moto kwa jina la usafi wa shamba. Anauondolea mti majani yanayoulisha, na mkato wenyewe unauamsha mti utoe machipukizi mengine laini. Nondo hana la kuongeza ila shukrani.

Kuna watu nawasikia: Mzungu ana mambo yake, Florida si Muheza. Sawa, tuiache Florida. Twendeni kwenye kahawa ya kwetu.

Kidomozi wa kahawa, wa jamii ya Leucoptera, ni mwenyeji wa Afrika. Zamani alikuwepo Kenya na Tanganyika bila makuu, akizuka mara mojamoja na kutulia. Mambo yaligeuka miaka ya 1950, pale mashamba makubwa ya kahawa yalipoanza kupigwa dawa mpya za wakati ule, DDT na parathioni, dhidi ya wadudu wengine. Kidomozi akawa janga la kila msimu. Mwaka 1964 mtafiti aitwaye Bess alichapisha kazi aliyoifanya Kenya akilinganisha kahawa iliyopigwa dawa na isiyopigwa, akimhesabu kidomozi pamoja na nyigu wanaomshambulia. Lyamungu, chini ya Kilimanjaro, nako mtafiti Tapley aliandika juu ya uhusiano wa milipuko ya kidomozi na dawa zinazodumu muda mrefu shambani. Wakulima walijibu vipi? Waliongeza dawa. Na mwaka 1988 ukachapishwa utafiti uliothibitisha kwamba kidomozi wa kahawa wa Tanzania amekuwa sugu kwa dawa za jamii ya organofosfati. Kupanda mchongoma, wahenga walisema, kushuka ndio ngoma.

Kwa hiyo anayesema tusubiri ushahidi wa hapa nyumbani, ushahidi una umri wa kustaafu. Na ukitaka wa mti wa matunda, uko kwenye matufaa ya Ontario na New York, ambako kidomozi wa majani ya mtufaa alikuwa mdudu wa kawaida tu hadi dawa za kuwapigia wadudu wa matunda zilipomfanya sugu na kuwamaliza nyigu wake. Mbegu tofauti, mti tofauti, bara tofauti, hadithi ileile.

Lakini hofu ya wakulima wetu haikutoka hewani, na asiyeielewa hataweza kuiondoa. Mwaka 2014 aliingia Kenya na Tanzania mdudu wa nyanya, Tuta absoluta, ambaye Kaskazini walimpa jina la kantangaze. Huyo naye ni nondo, naye huanza kwa kuchora majani. Watu waliona shamba la nyanya zima likikauka kana kwamba limepitiwa na moto, wakaona matunda yametobolewa, mikopo imepotea. Tangu hapo mchirizi wowote kwenye jani lolote umekuwa tangazo la msiba. Ndugu zangu, hao wawili hawana undugu wa karibu, na tabia zao ziko mbali. Kantangaze huingia kwenye shina na kwenye tunda. Wa mchungwa hukaa kwenye ngozi ya jani changa, mara chache kwenye ngozi ya tawi laini, na ni nadra mno kugusa tunda. Nyanya inaishi miezi michache na kila jani lina kazi ya haraka. Mchungwa unaishi miongo. Kumhukumu mmoja kwa makosa ya mwingine ni uvivu.

Hoja ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo ngumu kuing'oa, haitoki kitabuni. Ni ya mtu anayesema: “Mimi nilipiga, na majani yaliyofuata yakatoka safi.” Namwamini kabisa. Alipiga, na yalitoka safi. Ila amwulize jirani yake ambaye hakupiga. Mchipuo hudumu wiki kadhaa tu; majani yakishakomaa, kidomozi hana pa kutagia, idadi yake inashuka yenyewe, bomba liwe limetoka au limetundikwa. Mchipuo unaokuja baada ya kiangazi mara nyingi hukuta nondo ni wachache kwa sababu hiyohiyo. Mtu aliyepiga dawa siku ambazo mdudu alikuwa anaondoka ataishi akiamini ndiye aliyemfukuza, na atalipia imani hiyo kila vuli. Dawa ya kuitetea hoja yake ni rahisi: aache mistari miwili bila kupiga, akavune, akapime magunia. Sijapata kumwona anayekubali. Wanasema wanaogopa kupoteza mistari miwili, huku msimu mzima wametumia fedha bila kujua wamepata nini.

Na tusisahau bomba hilo linabebwa na nani. Kijana wa kibarua, miguu peku au kandambili, fulana imeloa mgongoni, kitambaa puani ndiyo kinga yake. Dawa mbili zimechanganywa ndoo moja kwa sababu “moja haishiki”. Machungwa yanayokaribia kuiva yapo juu ya mti uleule, na hatimaye yatafika Dar es Salaam, yamenywe ngozi ya juu kwa kisu kando ya barabara na mteja ayashike kwa mkono wake na kuyafyonza hapohapo. Hatari hiyo yote, kwa ajili ya majani!

Sasa nitoe kile ambacho upande wa pili wanastahili kupewa. Kitalu ni habari nyingine. Mche wa kubebesha wenye majani kumi hauna akiba. Kidomozi akiyachora manane, mche unadumaa, na mnunuzi ataukataa. Mti wa mwaka wa kwanza na wa pili shambani nao unaweza kurudishwa nyuma. Ndimu nazo zina shida ya kuchipua mara kwa mara, kwa hiyo zikishambuliwa sana hustahili kuangaliwa kwa jicho kali zaidi kuliko machungwa. Hapo kinga ina maana, lakini hata hapo si kila chupa. Mafuta maalumu ya madini yanayopuliziwa juu ya machipukizi, ambayo Australia na China wameyatumia, humfanya nondo asitage, na madhara yake kwa nyigu ni madogo. Dawa ya kumwagia shinani, kama imidaklopridi, hupanda na maji hadi jani changa na kumfikia kiwavi alipo; ndiyo inayofanya kazi kweli, ila ni sumu kali kwa nyuki, na Umoja wa Ulaya uliizuia mwaka 2018 isitumike nje ya vibanda vilivyofungwa. Kwenye mche usio na ua, inajadilika. Kuimwaga kwenye shamba linalochanua ni kuwaua wale wanaosaidia bustani na mizinga ya kijiji kizima.

Hoja ya pili yenye uzito ni kanka ya michungwa. Bakteria wake huingia kwenye vidonda, na michirizi ya kidomozi ni vidonda virefu vya kutosha. Florida waliliona hilo kwa uchungu: kanka ilipozuka tena karibu na Miami mwaka 1995, ilikuta michirizi tayari imeshatapakaa. Serikali ikakata mamilioni ya miti na mwaka 2006 ikaacha kampeni hiyo. Mahali penye kanka, hesabu yangu inabadilika, nakiri. Ila nondo haleti kanka. Anaifungulia mlango tu. Inaletwa na miche michafu, na visu vya kubebeshea visivyooshwa, na mvua yenye upepo. Anayenunua miche isiyokaguliwa kisha akapigia dawa kidomozi ili kuzuia kanka, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Juu ya haya, mwenye shamba la machungwa ana maadui ambao kweli wanaingia mfukoni mwake. Inzi wa matunda, Bactrocera dorsalis, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kusambaa Afrika kwa kasi, hutaga ndani ya tunda lenyewe. Chungwa linaoza kabla halijafika sokoni. Huyo hazuiwi kwa kuosha majani na pairethroidi. Anataka mitego ya kunasa madume, chambo cha protini, na zaidi ya yote mikono ya kuokota matunda yaliyoanguka na kuyafukia kwa kina au kuyafunga kwenye mifuko juani. Nimepita mashamba ambayo majani juu yananuka dawa mbichi, na chini machungwa yaliyooza yamelala tele, yamejaa mabuu.

Yupo pia sailidi, kimdudu kinachonyonya machipukizi na kusambaza ule ugonjwa unaoyafanya machungwa yabaki madogo, yamepinda, na upande mmoja wa kijani. Nyanda za juu za Afrika Mashariki zina wake wa siku nyingi, na mwaka 2016 iliripotiwa kwamba yule wa Asia, anayevumilia joto la nchi ya chini, amekwisha kufika Tanzania. Wanaotetea bomba wamemdaka haraka: tazama, wanasema, machipukizi ni yaleyale, tukipiga tunaua wote wawili. Hapana. Sailidi haachi michirizi. Hukaa nje ya jani, makalio juu kichwa chini, na huonekana kwa macho ukigeuza kichipukizi; anayetaka kumpigia dawa apige kwa sababu amemgeuzia jani na kumwona, kwa dawa iliyosajiliwa kwa ajili yake, kwa wakati wake. Akija dukani na jani lenye michirizi ya fedha na hajawahi kugeuza kichipukizi hata kimoja, muuzaji mwenye haya amrudishe shambani akaangalie.